Fundi Sikio na Kona za Kushoto

Pale mjini hapakuwa na mtu aliyezijua baiskeli kama Fundi Sikio, na hapakuwa na mtu aliyeziogopa kama yeye. Hilo la kwanza lilijulikana na kila mtu. La pili alilijua yeye peke yake, na alikuwa amelificha kwa miaka thelathini na minne, tangu siku aliyoshika spana kwa mara ya kwanza. Fundi Sikio hakujua kupanda baiskeli.

Usicheke kwanza, tutacheka pamoja baadaye. Jina la Sikio alilipata kwa haki kabisa. Mteja akileta baiskeli, Sikio haulizi ina nini. Anaigeuza magurudumu juu, anazungusha pedali kwa mkono, anainamisha kichwa na kufumba macho. Kisha anasema gololi za nyuma zimekauka, spoki mbili zimelegea, na wewe mwenyewe unakalia upande mmoja kwa sababu kiuno kinakuuma. Watu wanacheka, lakini spoki zilizolegea ni mbili kweli, na kiuno nacho kinauma.

Akimaliza kazi humkabidhi mwenyewe aijaribu. Yeye haipandi hata hatua moja. Kanuni hiyo aliipokea kwa mjomba wake, mwenye karakana, ambaye alimwambia siku ya kwanza kwamba atakayepanda baiskeli ya mteja atatoka kwa mlango uleule alioingilia. Mjomba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Sikio alikuwa na miaka kumi na mitano, nyumbani kwao baiskeli hakuna, basi akajifunza kusuka gurudumu kabla hajajifunza kulikalia. Alipokuja kushtuka alikuwa kijana wa miaka ishirini anayeitwa fundi, na fundi gani atatoka barabarani ashikiwe siti kama mtoto? Akasema mwakani. Mwakani akasema mwakani. Mjomba akafa, karakana ikawa yake, na aibu ikazidi kunenepa.

Wateja wakamsifu wenyewe. Wakasema huyu ndiye fundi mwenye adabu, cha mtu hakigusi. Sikio alipokea sifa hizo akitazama chini, na watu wakasema tazama, kumbe ni mnyenyekevu pia.

Hata mkewe hakujua. Mkewe alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho bila kuchoka, na alikuwa na baiskeli yake ya bluu aliyoipenda. Kila asubuhi, kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, Sikio alimsukumia baiskeli hiyo hadi kwenye geti la shule, wakitembea bega kwa bega na kuzungumza. Mchana mwalimu alirudi akiipanda mwenyewe. Majirani wanawake walikuwa wakiwaonyesha waume zao dirishani na kuwauliza wao wana nini. Waume wakamchukia Sikio kimyakimya.

Basi, mwaka huo chama cha wapanda baiskeli kilikuwa kinatimiza miaka ishirini. Hao ni watu waliokuwa wakitoka mara moja kwa mwaka kuendesha kilomita arobaini kwenye barabara za changarawe, wakifuata bonde la mto, wakivuka daraja, wakipanda milima yenye misitu na kuteremkia upande wa pili hadi uwanja wa mpira. Mwenyekiti wao alikuwa mfamasia, mtu mwembamba mwenye vigimbi kama chupa, na mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mwanachama wa mwaka wa sita. Siku moja chama kizima kilijaa mlangoni mwa karakana. Kilikuwa kimeleta baiskeli mpya, ya kijani, matairi manene yenye meno ya kung'ata changarawe.

Mfamasia akatoa hotuba. Alisema kwa miaka ishirini Fundi amezitengeneza baiskeli zao asipande hata moja, kwa heshima. Sasa hii si ya mteja, ni ya kwake, kwa hiyo kanuni haimfungi tena. Baada ya wiki tatu wangeendesha naye, yeye mbele, awe mgeni wao wa heshima. Mwalimu alipiga makofi mpaka viganja vikamwiva. Sikio alishukuru kwa sauti ndogo, kisha akaketi juu ya boksi la tyubu.

Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Lakini Sikio alimtazama mkewe, jinsi alivyokuwa anang'aa, akaona kwamba akifungua mdomo, kila asubuhi ya ile miaka ishirini na sita itageuka kuwa uongo. Akili ikamwambia ajifunze. Wiki tatu. Si ni baiskeli tu?

Alfajiri iliyofuata akamwambia mkewe anakwenda kunyoosha miguu, akaisukuma ile ya kijani hadi uwanja wa nyuma wa kiwanda cha mbao, wafanyakazi wakiwa hawajafika. Alipachagua kwa sababu pana lundo la vumbi la mbao, na mtu akiangukia pale haumii. Alianguka siku ya kwanza mara kumi na moja. Siku ya pili akaacha kuhesabu. Siku ya tatu, akiwa chali ndani ya lundo na baiskeli iko juu ya kifua chake, akaona viatu. Alipoinua macho, juu ya viatu palikuwa na mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alisema Sikio akiwa palepale chini.

"Marahaba, baba. Umelala?"

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, miaka sabini na mmoja, na daktari alikuwa amemwamuru atembee kila asubuhi. Ujue kwamba baina ya wawili hao palikuwa na heshima ya kuogopesha. Kwa miaka yote hiyo Sikio hakuwahi kucheka kwa sauti mbele yake, wala kumpita bila kuinama kidogo. Sasa yuko chini, ana vumbi la mbao mpaka masikioni. Mama alimtazama, akaitazama baiskeli, akaelewa kila kitu bila kuuliza swali. Akaegemeza fimbo yake kwenye gogo, akapandisha mikono ya gauni, akaishika siti.

"Panda," akasema. "Na upumue. Usikaze mwili, ukikaza unajiumiza bure. Inakuja yenyewe."

Yalikuwa maneno yaleyale aliyowaambia nusu ya kina mama wa mji ule wakiwa kitandani, na hakuona sababu ya kutafuta mengine. Akawa anamkimbilia nyuma kwa hatua fupifupi, ameshika siti, anahimiza: vuta pumzi, vizuri, hivyohivyo, umekaribia. Mara moja alijisahau akasema asisukume kwanza, asubiri. Sikio, kwa utii wa mkwe, akaacha kukanyaga pedali, na wote wawili wakaenda chini.

"Samahani, mama, nimekukanyaga mguu."

"Si kitu, baba. Ninao mwingine."

Siku ya tisa akamwachia bila kumwambia, na Sikio akaenda peke yake mpaka ukutani kwa kiwanda, akipiga kelele ambazo mtu wa miaka arobaini na tisa hazimfai. Wiki ya tatu alikuwa akiuzunguka uwanja kama tiara. Mama alikaa kwenye gogo, fimbo magotini, akimtazama kwa namna alivyowatazama watoto aliowapokea na wakalia vizuri.

Lakini jioni ya mwisho kabla ya safari, Sikio akiwa anaisikiliza ile baiskeli yake karakanani, alijisikiliza na yeye mwenyewe, akagundua kwamba amepungukiwa vifaa vitatu. Kule uwanjani upande wa kulia palikuwa na magogo, kwa hiyo siku zote walizunguka kushoto. Kona kali ya kulia hakuwahi kukata. Tena kila alipoanza, mama alimsukuma, na kila aliposimama, mama alimdaka. Kwa hiyo alijua kwenda, lakini kuanza hajui, na kusimama hajui.

Akamwendea mama mkwe mbio. Mama alifikiri kidogo tu.

"Kuanza, nitakuwepo," alisema. "Kumaliza, nitapanda gari la chama linalobeba maji ninyi mkishaondoka, nikusubiri. Katikati, baba, usisimame."

Alipofika nyumbani Sikio akamwomba mkewe amchoree ramani ya njia. Mwalimu alifurahi mno. Miaka yote hiyo mumewe hakuwahi kuonyesha kupenda jiografia. Akachora mto kwa bluu, misitu kwa kijani, akaeleza jinsi mto ulivyokula kingo zake na kujipinda. Sikio alimwuliza jambo moja tu, kona kali za kulia ni ngapi. Ni moja, kwenye tangi la maji.

Asubuhi ya safari watu arobaini walipanga mstari. Mama mkwe alikuja nyuma ya Sikio, akaweka mkono kwenye siti, na watu wakadhani anambariki mkwewe. Wengine walifuta machozi. Filimbi ikalia, mama akasukuma kwa nguvu zote za ukunga wake, na Sikio huyo, akaondoka.

Ndugu yangu, kuna raha ambazo mtu akizipata utotoni huzizoea, na akizipata uzeeni zinamtia wazimu. Barabara iliteremka bondeni, changarawe zikawa zinalia chini ya matairi, na Sikio, ambaye maisha yake yote alisikia magurudumu yakizunguka hewani, sasa aliyasikia yakizunguka ardhini. Ni sauti nyingine kabisa. Upepo ulimwingia mdomoni kwa sababu mdomo ulikuwa wazi. Mto ulikuwa pale, upande wake wa kushoto, ukimeta, na ng'ombe waliinua vichwa kumtazama mtu anayecheka peke yake. Alikuwa na furaha. Hakuna neno jingine la kuliweka hapo. Alicheka mpaka akaogopa ataanguka kwa kicheko, na wazo hilo likamchekesha zaidi.

Mkewe na wenye kasi walikuwa wamempita mapema, wakisahau habari za mgeni wa heshima kuwa mbele. Yeye aliongoza kundi kubwa la nyuma. Walipofika kwenye tangi la maji, njia ilikata kulia, kali, kama alivyochorewa. Sikio akapiga moyo konde. Badala ya kwenda kulia akakata kushoto, akalizunguka tangi lote, akapita nyuma yake kwenye majani, akatokeza upande wa pili akiwa ameelekea palepale panapotakiwa. Mfamasia alikuwa nyuma yake, na hakuona sababu ya kumshuku mtu anayezijua baiskeli kuliko wote. Akalizunguka tangi. Aliyemfuata mfamasia akalizunguka. Watu ishirini na watano walilizunguka tangi lile mmoja baada ya mwingine, kwa heshima kama wanazunguka kaburi la shujaa, na mama mmoja aliyekuja kuchota maji aliweka ndoo chini ili atazame vizuri.

Darajani palikuwa na maji na ndizi, na kila mtu alisimama. Sikio alipita, mikono miwili kwenye usukani, akisema ahsante, ahsante, kushoto na kulia. Nyuma yake alisikia mtu akisema kwa mshangao kwamba fundi hapumziki. Laiti angejua jinsi fundi alivyotamani ndizi.

Basi akawa peke yake, akaingia msituni. Mlima ulianza, na chini ya miti palikuwa na baridi na harufu ya majani mabichi. Alipanda polepole, jasho likimtoka, akikumbuka kupumua. Na hapo, kwa mbali mbele yake, lile sikio lake likamwambia kitu. Palikuwa na baiskeli anayoijua kuliko zote, ile ya bluu, na sauti yake ilikatika ghafla. Cheni imekatika, Sikio akasema moyoni. Ile niliyoisikia juzi ikilalamika. Nilitaka kuibadilisha, nikawa niko kwenye vumbi la mbao.

Alipokata kona akamwona. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya njia, peke yake, wenzake wa mbele hawana habari, cheni inaning'inia mkononi mwake na grisi imempaka mpaka kwenye paji la uso. Hakujua la kufanya na cheni. Angejulia wapi, ameolewa na fundi. Alipomwona Sikio uso wake ulifunguka.

Nawe pima hali ya bwana yule. Akisimama, hataweza kuanza, na siri ya miaka thelathini na minne itakuwa peupe hapo chini ya miti. Akipita, wanaokuja nyuma watamsaidia, dakika kumi tu, na yeye atafika uwanjani na jina lake. Miguu yake ilikuwa imeshaamua kupita. Ilikanyaga mara moja, ikakanyaga mara mbili. Kisha mkewe akainua ile cheni kidogo, kama mtoto anayeonyesha kitu alichokivunja, na Sikio akavuta breki zote mbili kwa pamoja.

Alisimama, naam. Kisha akaenda upande, taratibu, na kuzama kwenye vichaka akiwa bado ameshika usukani.

Mwalimu alikimbia kumtoa. Sikio alisema si kitu, majani ni laini. Akatoa kifaa chake mfukoni, maana fundi hatoki nyumbani bila kifaa cha cheni, akaondoa pingili iliyoharibika, akaunga, akazungusha, akasikiliza. Dakika nne. Mwalimu akapanda, akaenda hatua ishirini, akageuka. Mumewe alikuwa bado amesimama kando ya ile ya kijani, ameishika kwa mkono mmoja kama alivyoshika baiskeli za watu maisha yake yote.

"Twende," alisema mwalimu.

"Tangulia tu."

"Nitangulie vipi? Umeumia?"

Sikio akaitazama siti. Juu ya miti ndege mmoja alikuwa anapiga kelele zisizo na maana.

"Siwezi kuanza," alisema. "Mama hayupo wa kunisukuma."

Akamweleza yote, kuanzia mjomba mpaka vumbi la mbao, akiisemea ile siti ya baiskeli kwa sababu uso wa mkewe hakuweza kuutazama. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, kicheko alichokitegemea hakikuja. Mkewe alikuwa ameketi kwenye jiwe na macho yake yamejaa maji.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Kila asubuhi unanisukumia baiskeli mpaka shuleni. Walimu wenzangu wananionea wivu. Mimi nikidhani ni mapenzi, kumbe hujui kupanda."

Sikio alisugua grisi vidoleni. Jibu hakulitafuta, lilitoka lenyewe.

"Ingekuwa ni kutojua kupanda tu, ningebaki nyumbani. Nani alinilazimisha kutembea? Ningejua kupanda, nami ningekuwa na yangu, ungekuwa mbele na mimi nyuma, tusingezungumza. Yale yote tuliyozungumza, tungeyazungumza wapi?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Sikio akadhani analia, mpaka aliposikia.

"Mama alikushika siti," alisema mwalimu akijaribu kuvuta pumzi. "Mama yangu. Alikukimbilia nyuma."

"Aliniambia nisisukume kwanza."

Hapo mwalimu akaanguka kutoka kwenye jiwe. Walicheka mpaka wakashikana ili wasibingirike, watu wazima wawili, wameloa jasho na grisi. Kundi la nyuma lilipowapita liliwakuta hivyo, na mfamasia alitazama pembeni kwa adabu, akidhani ni mambo ya mke na mume.

Pale mlimani pa kuanzia hapakuwapo, palipanda mno. Kwa hiyo wakazisukuma baiskeli kwa miguu hadi kileleni, bega kwa bega, wakizungumza, kama asubuhi yoyote. Kileleni, bonde la upande wa pili lilifunguka lote, mto umejikunja chini na barabara nyeupe inateremka kati ya misitu. Mwalimu akaiegemeza yake kwenye mti, akaja nyuma ya mumewe, akashika siti.

"Mama husema nini?"

"Pumua."

"Basi pumua," alisema, akamsukuma.

Waliteremka pamoja, mkewe akimpata baada ya kona moja, wakipiga kelele zisizowafaa. Uwanjani mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya mstari wa mwisho, fimbo ameitupa, mikono ameitandaza. Alimdaka Sikio kwa siti kama alivyodaka wengi kabla yake, akampigapiga mgongoni kuona kama anapumua.

Mfamasia akamwomba mgeni wa heshima aseme neno. Sikio alipanda juu ya kreti la soda. Alikuwa amechoka kuibeba siri ile.

"Mimi kupanda baiskeli nimejifunza wiki tatu zilizopita," aliwaambia.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Akarudia, akaapa, akamtaja mama mkwe na vumbi la mbao. Wakazidi kucheka, wengine wakishika mbavu, wakisema fundi huyu kumbe ana utani wa namna hii. Mfamasia, akifuta macho, alisema kwa sauti kwamba ile mbinu ya kulizunguka tangi ili kupunguza mwinamo kwenye kona, yeye amesoma vitabu vingi na hajawahi kuiona. Mwakani wote wataifanya.

Jumatatu asubuhi walitoka nyumbani na baiskeli mbili. Mwalimu akaitazama yake, akamtazama mumewe, na hakuna aliyepanda. Walizisukuma hadi getini, wakitembea na kuzungumza juu ya mambo madogomadogo, na safari ilichukua muda uleule iliouchukua siku zote.

Getini mwalimu akashika siti, akamsukuma, na Sikio akaondoka kwenda kazini. Karakana yake ilikuwa mtaa wa kulia kutoka hapo. Kwa hiyo alikata kushoto, akakata kushoto tena kuuzunguka ukuta wa shule, akakata kushoto mara ya tatu, na mkewe, akiwa bado amesimama getini na chaki mfukoni, akamwona anakatiza barabara kule mwisho wa ukuta wa shule, amesimama juu ya pedali, anaelekea kulia.